Bomba kuukuu la mafuta lililoliwa na kutu: je, nyuzi za kaboni zinatosha kulirudishia nguvu?

Mkaguzi_Ruvu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wa wenye uzoefu na mabomba ya mafuta yaliyozikwa ardhini. Nipo katika timu ndogo inayokagua bomba la dizeli na petroli lenye kipenyo cha nje cha milimita 323.9, yaani lile la inchi 12, ukuta wa milimita 6.35 na chuma cha daraja la X52. Ni bomba la zamani, la rika moja na mengi ya ukanda huu: TAZAMA inayotoka Dar es Salaam hadi Ndola imekuwepo tangu 1968, na bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi 1978, kwa hiyo naamini swali langu haliwahusu watu wa kwetu peke yao.

Pigi ya ukaguzi, yaani chombo cha vipimo kinachosukumwa na mafuta, iliyopita ndani ya bomba ilionyesha upungufu wa chuma mahali fulani, tukafukua, tukakuta koti la lami limebanduka na kutu imekula ukuta kwa nje. Doa lina urefu wa milimita 300 kufuata bomba, na sehemu yake yenye kina kikubwa imeliwa milimita 3.5. Hakuna uvujaji. Presha ya juu inayoruhusiwa ni megapaskali 7.

Mkandarasi amependekeza kulivingirisha eneo hilo kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholowekwa epoksi, gundi inayokauka na kuwa ngumu. Anadai kwamba kwa kuwa kaboni ina nguvu mara kadhaa kuliko chuma, kazi itafanyika bila kusimamisha pampu wala kupunguza presha. Msimamizi wangu hakubaliani naye. Anataka ganda la chuma la vipande viwili lichomelewe juu ya doa, kama ilivyofanyika siku zote. Je, yupi ana hoja? Na kama tutatumia kaboni, ni mambo gani tuyadai kwenye mkataba kabla ya kusaini?

FundiPima alijibu:

Ndugu Mkaguzi, ahsante kwa kuleta vipimo, maana wengi huuliza swali hili bila namba hata moja. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu haliwezi kusubiri mkataba.

Kwa kanuni ya B31G, ya kuhesabu nguvu iliyobaki ya bomba lililoliwa na kutu, iliyotolewa na chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ASME, kwa mara ya kwanza mwaka 1984, doa linalozidi milimita 203 kwa bomba la vipimo vyenu huhesabiwa kuwa refu, na bomba linachukuliwa kana kwamba ukuta wote umebaki na unene wa mahali palipoliwa zaidi. Ukuta mzima wa milimita 6.35, kwa X52 na kigezo cha usanifu cha 0.72 (sehemu ya nguvu ya chuma inayoruhusiwa kutumika), unastahimili takriban megapaskali 10.1. Mmebakiwa na asilimia 45 ya unene. Zidisha 1.1 kwa 10.1 kwa 0.45, unapata megapaskali 5.0. Hiyo ndiyo presha salama ya doa hilo leo, si 7. Mazoea ya wengi ni kushusha hadi asilimia 80 ya presha iliyokuwepo wakati kasoro ilipogunduliwa, lakini asilimia 80 ya 7 ni 5.6, nayo bado inazidi. Shusheni chini ya 5 kwanza, kabla mtu yeyote hajarudi ndani ya shimo hilo.

Sasa tuje kwenye dai la mkandarasi. Ni kweli kwamba uzi wa kaboni, ukiuvuta hadi ukatike, unaishinda X52 kwa mbali. Tatizo ni kwamba ndani ya bomba lenye presha uzi huo haufiki popote karibu na kukatika, kwa kuwa unatanuka pamoja na chuma, na chuma chenu kinaanza kulegea kinapotanuka chini ya asilimia 0.2 tu. Kinachotawala hapo ni ukakamavu, yaani kiasi ambacho kitu hukataa kutanuka kinapovutwa. Chuma kina gigapaskali zipatazo 200. Uzi wa kaboni wa kawaida peke yake una 230 hivi, lakini tabaka halisi, lenye gundi ndani yake na lililofumwa na kulowekwa kwa mkono, mara nyingi huangukia karibu na 60. La nyuzi za kioo hucheza kwenye 25. Kwa hiyo wakati chuma kinapofika megapaskali 358, ambako ndiko kikomo cha X52, kaboni iliyo juu yake imebeba kama 107 tu. Kwa kubeba mzigo katika kazi hii, milimita moja ya kaboni ni dhaifu kuliko milimita moja ya chuma. Anayewaambia kinyume anauza kitambaa.

Hilo halimaanishi kwamba kaboni haifai, bali kwamba unene wake hupatikana kwa hesabu na si kwa sifa. Viwango viwili vinavyotumika zaidi, ISO 24817 na ASME PCC-2, vina hesabu ya wazi kwa hali ambapo tunataka chuma kilichobaki kisilegee: kipenyo kugawanya kwa mara mbili ya kikomo cha chuma, mara uwiano wa ukakamavu wa chuma na wa kompositi (nyuzi na gundi yake zikiwa kitu kimoja), mara tofauti kati ya presha mnayoitaka na ile ambayo doa linaiweza lenyewe. Kwenu ni 323.9 kugawanya kwa 716, mara 200 kugawanya kwa 60, mara 2. Jibu ni milimita 3 za kaboni. Kwa nyuzi za kioo, ukiweka 25 badala ya 60, unapata zaidi kidogo ya milimita 7. Hapo ndipo faida halisi ya kaboni ilipo: tabaka chache zaidi, gundi kidogo, muda mfupi ndani ya shimo. Kwa urefu, ongezeni kiasi cha milimita 80 za chuma kizima kila upande wa doa, ili mzigo upate mahali pa kuhamia kutoka kwenye chuma kwenda kwenye kitambaa.

Kuhusu kufanya kazi bila kushusha presha, hilo mlikatae moja kwa moja. Mkanda uliofungwa tumbo likiwa limeshajaa hauhisi chakula kilichokwisha kuliwa. Unahisi tonge litakaloongezwa. Ukivingirisha kaboni bomba likiwa kwenye presha yake ya kazi, chuma kimeshatanuka, na kitambaa kinakaa hapo bila mzigo hadi presha ipande juu ya kiwango kile. PCC-2 ina njia ya kuhesabu presha iliyokuwepo wakati wa kufunga, nayo huongeza unene unaotakiwa. Kadiri mnavyoshusha, ndivyo kaboni inavyopata kazi ya kufanya mnapopandisha tena.

ChumaHalisi alijibu:

Ndugu FundiPima amepiga hesabu vizuri, lakini naona amemwacha msimamizi bila wakili. Nimefanya kazi ya uchomeleaji wa mabomba tangu ujana wangu, na ganda la chuma lililochomelewa ncha zake kwenye bomba linabaki kuwa tengenezo pekee ambalo, ukuta wa ndani ukitoboka kesho, bado linazuia mafuta yasitoke. Halina tarehe ya kwisha. Kompositi, kwa mujibu wa ISO 24817 yenyewe, husanifiwa kwa maisha ya kati ya miaka 2 na 20. Bomba lililokwisha kuishi nusu karne, ukilifunga kitu cha miaka 20, umemwachia anayekuja baada yako kazi ya kufukua tena palepale.

Pia watu husahau mwelekeo wa kutu. Kama inakula kutoka ndani, kwa mfano mahali pa bonde ambapo maji hutuama chini ya dizeli, basi kitambaa cha nje hakizuii chochote. Ukuta unaendelea kupungua gizani hadi ubaki utando wa epoksi peke yake kati ya mafuta na udongo. Hapo hesabu ya milimita 3 haipo tena.

Hata hivyo nakubali jambo moja dhidi ya upande wangu. Ukuta wenu pale kwenye doa umebaki milimita 2.85, na hapo hakuna mtu mwenye akili atakayeweka elektrodi bomba likiwa na mafuta. Mwongozo wa uchomeleaji wa mabomba, API 1104, unaona hatari ya kutoboa ukuta kwa moto kuwa ndogo pale unene unapofikia milimita 6.4 na elektrodi za haidrojeni kidogo zikitumika. Chuma chenu kizima ni 6.35, kwa hiyo hata nje ya doa mko ukingoni. Halafu mafuta yanayopita huupoza mchomeleo haraka mno, na chuma cha zamani chenye kaboni nyingi kikipozwa hivyo huwa kigumu na kupasuka pembeni ya mchomeleo, pengine siku kadhaa baada ya fundi kufunga mizigo yake. Inawezekana kuchomelea, lakini inahitaji utaratibu uliothibitishwa kwa majaribio na mchomeleaji aliyepimwa kwa utaratibu huohuo.

Ipo aina nyingine ya ganda la chuma, lile ambalo vipande vyake huchomelewa vyenyewe kwa vyenyewe bila kugusa bomba, doa likiwa limejazwa puti ngumu, yaani kijazio kinachopakwa kama udongo na kukauka, chini yake. Halizuii uvujaji, lakini linabana. Msimamizi alifikirie hilo kabla ya kukimbilia lile la kuchomelewa ncha.

Msafiri_Sohar alijibu:

Salaam aleikum wanajukwaa. Nipo Oman, kwenye mabomba ya juu ya ardhi, na kompositi tunaziona kila wiki. Ninataka kusema machache kuhusu gundi, kwa sababu mazungumzo yote yanaelekea kwenye nyuzi wakati kinachoshindwa kwanza ni gundi, tena hasa pale inaposhikana na chuma.

Kila epoksi iliyokomaa ina joto ambalo ikilifikia huanza kulegea. Viwango vinataka joto la kazi liwe chini ya hapo kwa nyuzi 20 za Selisiasi pale ambapo bomba halivuji, na nyuzi 30 pale linapovuja. Huku bomba linaweza kuwa na mafuta ya moto ndani na jua la Julai juu yake, kwa hiyo epoksi iliyoachwa ikomae kwa joto la hewa tu haitoshi, na hulazimika kuvishwa blanketi za umeme zinazoipandisha joto taratibu. Bomba lenu la bidhaa zilizosafishwa, lililozikwa, halina shida hiyo. Lakini mwambieni mkandarasi aandike joto hilo kwa namba na alithibitishe kwa cheti cha maabara, si kwa kipeperushi.

Shida yenu kubwa zaidi itakuwa unyevu. Uso wa chuma lazima uwe na joto lililozidi kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3, la sivyo utando wa maji usioonekana hutangulia kabla ya praima, ule mpako wa kwanza wa gundi. Shimo lililochimbwa masika, lenye bomba linalopitisha mafuta ya ubaridi, huloa jasho asubuhi nzima. Kabla ya hapo chuma kipigwe mchanga hadi kiwango cha usafi cha Sa 2½, kiwe cheupe na chenye mikwaruzo ya kutosha ya kushika gundi. Brashi ya waya haitoshi kabisa, maana huacha uso unaong'aa na laini, ambao gundi huubandukia.

Na tafadhali, tabaka la kwanza linalogusa chuma lisiwe la kaboni. Kaboni hupitisha umeme, na ikikutana na chuma mahali penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Lianze tabaka la nyuzi za kioo, na lijitokeze nje ya kingo zote za kaboni. Nimewahi kuona kazi iliyofunguliwa ambapo kitambaa kilikuwa kizima kama siku ya kwanza na chuma kwenye ukingo wake kimechimbika mstari mzima.

Mkaguzi_Ruvu aliandika tena:

Nawashukuru sana, ndugu zangu, na wewe mzee ChumaHalisi hasa kwa kuwa mkweli kwa pande zote mbili. Presha imeshashushwa hadi megapaskali 4.5 baada ya kumwonyesha msimamizi hesabu ya B31G.

Tumepima tena unene kwa altrasoniki (mawimbi ya sauti) gridi nzima ya eneo lile: upande wa ndani haujapungua popote, kutu yote ni ya nje. Ila tumegundua kwamba mshono wa mzunguko, ule unaounganisha vipande viwili vya bomba, upo milimita 60 tu kutoka mwisho wa doa. Je, kompositi inaweza kupita juu yake? Na pigi ya ukaguzi ikipita tena miaka ijayo, itajuaje kwamba hapa pameshatengenezwa, ili wasitufukulishe upya?

FundiPima alijibu:

Kwa kuwa ndani ni salama, nami nipo upande wa kompositi kwa doa hili. Hoja ya mzee ChumaHalisi kuhusu kutu ya ndani ilikuwa ndiyo kikwazo cha kweli, na altrasoniki imeiondoa. Kuhusu umri, tangu mwaka 2000 kanuni za usalama wa mabomba za Marekani zimekubali tengenezo lolote ambalo majaribio ya kihandisi yanaonyesha kuwa linarudisha uwezo wa bomba kwa kudumu, na kompositi nyingi zimewekwa chini ya kanuni hiyo. Miaka 20 ya ISO ni kipindi cha usanifu. Kinapokwisha, tengenezo hukaguliwa na kuhesabiwa upya, si lazima ling'olewe.

Mshono upo ndani ya zile milimita 80 nilizotaja, kwa hiyo hamna budi kuupita na kwenda milimita 80 upande wa pili wake. Kitambaa kinaweza kupanda juu ya kigongo cha mchomeleo iwapo puti itajazwa pande zote mbili kwa mteremko mrefu, kusibaki nafasi ya hewa chini. Hapa kaboni inaishinda ganda la chuma, ambalo lingehitaji kuchongwa au kutengenezwa na uvimbe ili likae juu ya mshono. Jambo la kudai ni mwelekeo wa nyuzi. Vitambaa vingi vya mabomba vina karibu nyuzi zote katika mzunguko, kwa sababu huko ndiko presha inakovuta zaidi, mara mbili ya inavyovuta kufuata urefu. Mshono wa zamani hushindwa kwa kuvutwa kwa urefu, hasa udongo unapohama. Ombeni kitambaa chenye nyuzi za pande zote mbili, na ukakamavu wa kila upande uandikwe. Ikiwa ule wa mzunguko utashuka chini ya 60 kwa sababu hiyo, hesabu ya unene irudiwe. Na kabla ya chochote, mshono ukaguliwe nyufa kwa chembe za sumaku; ukiwa na ufa, mazungumzo ya kompositi yanaishia hapo, na kipande kikatwe.

Puti pia ijazwe ndani ya doa lenyewe, hadi usawa wa uso wa bomba. Hiyo si urembo. Puti ndiyo inayosukumwa na ukuta mwembamba unapotaka kuvimba, nayo ikasukuma kitambaa. Ikiwa laini au ikiwa na mapovu, ukuta utavimba kwanza na kaboni itapata habari baadaye.

Kuhusu pigi: zile zinazotumia sumaku husoma chuma tu, kaboni haziioni, kwa hiyo zitaripoti doa lilelile kwa kina kilekile. Kwa upande mmoja hiyo ni faida, kwa sababu kutu ikiendelea chini ya kitambaa mtaiona ikikua. Utambulisho hufanywa kwa kuweka mkanda mwembamba wa chuma kila mwisho wa tengenezo, juu ya tabaka la kioo na ukiwa umezamishwa ndani ya epoksi usiguse bomba. Pigi huisoma mikanda hiyo miwili kama alama. Rekodi za mahali pake ziingizwe kwenye ramani ya bomba siku hiyohiyo.

Baada ya epoksi kukomaa, ugumu wake upimwe kwa kipimo cha Shore D, kinachobonyeza ncha kwenye uso, katika sehemu nyingi na ulinganishwe na namba ya mtengenezaji, kisha uso wote ugongwe kwa sarafu, maana palipobanduka hulia sauti ya utupu. Presha isipandishwe hata kidogo kabla ya namba hizo kusainiwa. Koti jipya la nje lifunike tengenezo na kupita mbali pande zote, na kinga ya kathodi, yaani umeme mdogo unaozuia kutu, ipimwe kabla ya kufukia na tena baada ya udongo kutulia, kwa sababu koti lililobanduka mahali hapa halikubanduka peke yake: kagueni mita kadhaa za bomba kila upande wa shimo kabla hamjalifunga.

ChumaHalisi alijibu:

Kwa vipimo hivyo nami siendelei kupinga. Nina nyongeza moja tu. Kiwango kinataka mafundi wa kuvingirisha wawe wamefunzwa na kupimwa kwa mfumo huohuo wa kitambaa na gundi wanaoutumia, kama sisi wachomeleaji tunavyopimwa kwa utaratibu wetu. Dai vyeti vya watu watakaoingia shimoni, si vya kampuni. Na waambie watengeneze sampuli ndogo juu ya kipande cha bomba pembeni ya shimo, kwa gundi ileile na saa ileile, ili kesho yake muivunje mjionee ilivyoshika.